Ndege ya Tano ya Garland Pruett

Baba yangu, Selmer Lokken, hakuwahi kuangusha ndege hata moja, wala hakuwahi kudai kwamba ameangusha. Kazi yake vitani ilikuwa kujaza risasi. Nalisema hili mapema kwa sababu mjini kwetu Sandvik, Dakota ya Kaskazini, ukisema mtu alikuwa kwenye kikosi cha ndege, watu wanaanza kutafuta picha ya rubani mwenye miwani na tabasamu. Baba hakuwa na picha ya namna hiyo. Alikuwa na vidole vyenye makovu, mgongo mbovu na shamba la ngano. Na kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa na jambo moja moyoni ambalo sisi wanawe tulilizunguka bila kulijua jina.

Tulijua tu kwamba lipo. Kila Julai, ndege ya kunyunyizia dawa ilipokuja mashambani, Baba alishuka kwenye trekta, akavua kofia, akasimama kuitazama ikipanda na kushuka. Mchana kweupe, chakula kinapoa mezani, yeye kasimama katikati ya shamba. Mama alikuwa akinituma mimi.

"Baba, chakula."

"Bado hajatua."

"Baba, ni Kenny Olstad huyo. Anapuliza dawa tu."

"Ardis, nimesema bado hajatua."

Mwaka mmoja Kenny alitua shamba la jirani bila kurudi kupitia kwetu, na Baba hakujua. Alisimama pale tangu saa sita mchana mpaka saa kumi. Nilipokimbia kumwambia kwamba Kenny yuko kwao zamani anakunywa bia, Baba alikaa chini kwenye mabua ya ngano, akafunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliogopa, na kwa kuwa niliogopa nikakasirika, na hasira ile nilikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Halafu kulikuwa na suala la karata. Nyumbani kwetu hazikuingia. Sisi watoto tulidhani ni mambo ya dini, maana kanisani kwetu karibu kila kitu kitamu kilikuwa na walakini. Lakini mchungaji mwenyewe alicheza karata kila Alhamisi, tena alikuwa mshindi kuliko inavyompasa mtumishi wa Mungu. Krismasi moja mjomba alipozitoa mfukoni, Baba alitoka nje bila koti kwenye baridi ya kugandisha mate, na hakurudi mpaka Mama aliposema zimeshaondolewa. Mjomba akasema, "Shemeji huyu ana wazimu." Mama akamjibu, "Kula, unyamaze."

Na tatu, barua. Zilitoka Iowa, kwa mwanamke aitwaye Verna Rusk, zimeandikwa kwa mwandiko wa kimwalimu usio na doa. Ilikuja moja, ikapita miaka mitatu minne, ikaja nyingine. Baba alizitia kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Nilipomuuliza Mama, alisema ni dada wa rubani aliyepotea vitani, anawaandikia wote waliokuwa kikosi kile.

"Na Baba anamjibu?"

"Mwenye barua ni yeye. Muulize."

Sikumuuliza. Kwetu watu hawaulizani. Tunapikiana, tunachimbuliana magari kwenye theluji, tunazikana vizuri kabisa, lakini kuulizana, hapana.

Mama alifariki majira ya baridi ya mwaka 1985. Kufikia masika ya mwaka uliofuata, mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho ya Baba yote mawili, na barua ya Verna ilipokuja mwezi wa nne, hakuwa na njia ila kunipa mimi nimsomee. Tulikuwa jikoni kwake, asubuhi. Nilikuwa nimemletea mikate myembamba ya viazi aliyoipenda, na alikuwa ameshaupaka siagi wa kwanza.

Barua ilikuwa fupi. "Bwana Lokken," ilisema, "nina miaka sabini na minne sasa. Mama yetu alipokufa nilikuwa na miaka kumi na mitatu na Emmett alikuwa na sita. Nilimlea mimi. Nimekwisha kuuliza mara nyingi na nauliza tena: kwa nini mdogo wangu aliwaacha wenzake siku ile akaenda peke yake? Wote wananiambia hakuwa mtu wa pupa. Nami namjua, hakuwa. Sina mtoto, sina wa kumwachia swali hili. Tafadhali."

Nilipoinua kichwa, Baba alikuwa ameuweka mkate chini.

"Baba, kwa nini humjibu huyu mama wa watu?"

"Nilimjibu. Mara tatu."

"Ulimwambia nini?"

Akaugeuza mkate, akaurudisha ulivyokuwa. Ndipo akasema, naye ananitazama kwa macho yale meupe yasiyoniona vizuri, "Ardis, funga mlango." Tulikuwa wawili tu katika nyumba nzima, na jirani wa karibu alikuwa maili moja. Niliufunga.

Mwaka 1943, mwezi wa kumi, kikosi chao kilikuwa kwenye kisiwa cha Guinea Mpya, kwenye uwanja wa matope uliotandikwa mabati. Baba alikuwa fundi wa silaha, na alihudumia ndege mbili zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu: ya Luteni Garland Pruett, mtu wa Texas, na ya Luteni Emmett Rusk, mtu wa Iowa. Kila ndege ilikuwa na bunduki nne na mzinga mdogo mmoja, zote zimepangwa puani. Baba alisafisha mitutu, akajaza mikanda ya risasi, na mwisho kabisa akabandika kipande cha tepu ya kitambaa kwenye mdomo wa kila mtutu, ili matope yasiingie ndege inapokimbia uwanjani. Risasi ya kwanza huitoboa tepu hiyo. Ndege ikirudi, fundi hahitaji kuambiwa habari za vita. Tepu ikiwa imechanika, bunduki imepigwa. Ikiwa nzima, haikupigwa.

Marubani nao walikuwa na hesabu yao. Kila ndege ya adui waliyoangusha ilichorewa bendera ndogo chini ya dirisha. Mwenye bendera nne alikuwa rubani mzuri, basi. Mwenye tano alikuwa bingwa, na gazeti la kwao lilichapa picha yake, na maisha yake yote yaliyobaki aliitwa hivyo. Garland alikuwa na nne. Emmett alikuwa na nne.

Tatizo lilikuwa pale wawili walipompiga mmoja. Makao makuu hayakutaka kusikia habari za nusu: ndege moja, jina moja. Basi kikosi kikajitungia desturi yake. Waliodai ndege moja waliingia hema la afisa anayeandika madai, wakakaa kwenye sanduku la risasi, wakakata karata. Mwenye karata kubwa anachukua ndege, mwenye ndogo anampa mkono. Hakuna kununa.

Siku ile walirudi kama saa saba mchana. Garland alitangulia, na alipofika juu ya uwanja akaibinua ndege yake mara moja, ishara ya kusema ameangusha mmoja. Mafundi wakashangilia. Emmett akaja nyuma yake, naye akabinua. Wakashangilia tena. Lakini wenzao waliotua baadaye walisema wote neno lile lile: adui aliyeanguka ni mmoja.

Baba alikuwa amekwisha kupanda ngazi puani mwa ndege ya Garland. Tepu zote tano zilikuwa nzima.

"Nzima kabisa?" nikauliza.

"Kama nilivyozibandika."

Wiki moja kabla ya hapo, bunduki za rubani mwingine zilikwama angani, akarudi na mguu uliosagika. Fundi wake, kijana aitwaye Lyle, alihamishiwa kuchimba vyoo, na hakuna aliyekaa naye kula tena. Hilo ndilo lililomjia Baba pale juu ya ngazi. Alidhani bunduki zake zimekwama zote, kosa lake, na Garland alikuwa anakuja kwa miguu huku anacheka, anaonyesha kwa mikono jinsi ndege zilivyopishana. Baba hakufikiri. Alizichana tepu kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, zote tano, akapaka mitutu oili chafu, ionekane imepigwa.

Garland akafika, akatazama pua ya ndege yake.

"Umeona hizo tepu, Selmer? Umeona? Nimemchoma! Zimepiga kama ngoma ya harusi!"

Akambusu Baba utosini.

Hapo Baba akahamia ndege ya pili. Tepu za Emmett zilikuwa vipande vilivyoungua, mitutu myeusi, nusu ya risasi hazipo. Emmett alikuwa amekaa kwenye tairi, anakunywa maji.

"Nadhani ni wangu yule, Selmer," akasema. "Lakini Garland alikuwa mbele yangu, karibu naye zaidi. Nilipiga nikimpitishia begani. Sasa sijui. Yeye alipiga?"

Baba alisimama mbele yake na koleo mkononi.

"Tepu zimechanika, Luteni," akasema.

Neno hilo halikuwa uongo. Ndiyo maana lilimtafuna. Laiti angedanganya moja kwa moja, nadhani angetubu mapema, kama watu wengine.

Walikata karata. Emmett alivuta sita, Garland akavuta tisa. Emmett akacheka, akampa mkono, na kabla ya chakula cha jioni bendera ya tano ilikuwa imeshachorwa. Kesho yake asubuhi Baba na wenzake waliisukuma ndege ya Garland mpaka kwenye kilima cha kujaribia bunduki. Zilipiga zote tano bila kusita. Hazikuwa zimekwama kamwe. Garland alikuwa amesahau kuwasha swichi ya silaha, kosa ambalo hata rubani mzoefu hulifanya anapomwona adui ghafla. Alibonyeza, adui akawaka moto mbele ya pua yake, akaamini ni yeye. Moto ulikuwa wa Emmett.

"Sasa si ungesema!" nikamkatiza. Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. "Asubuhi ile ile, Baba! Ungekwenda kwa yule afisa ukasema, basi, bunduki hazikupigwa."

"Angeuliza tepu zilichanwa na nani."

"Na wewe ungesema ni mimi!"

"Ndiyo," Baba akasema. "Ningesema ni mimi."

Siku mbili baadaye Emmett alipanda ndege na kumwambia Baba, "Jaza vizuri, Selmer. Leo narudi na wangu wa tano, nisikate karata na mtu." Mapigano yalipokwisha na wenzake walipojikusanya kurudi, Emmett aliona ndege moja ya adui inakimbilia baharini. Akaifuata peke yake. Waliita kwenye redio. Hakujibu, wala hakuonekana tena, na bahari ile haikurudisha hata kipande. Baba alisimama uwanjani na kofia mkononi hadi mafuta ya ndege yoyote duniani yangekuwa yamekwisha.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa, na kwetu hatufanyi hata kimoja. Niliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Nipeleke kwa Verna," akasema nyuma yangu. "Lakini kwanza Garland. Ni jina lake. Siwezi kulibomoa bila kumwambia."

Garland huyo tulimjua sisi sote bila kumwona. Kila Krismasi alituma paja la nguruwe la kukausha kwa moshi kutoka Texas, na kadi: "Kwa Selmer, ambaye bila bunduki zake nisingekuwa mimi." Tulilila paja lile utoto wetu wote. Sasa ndipo nilipokumbuka kwamba Baba alikuwa akilikata, anatugawia, na yeye anakula viazi.

Mwezi wa sita kikosi kilikutana Minneapolis, hotelini. Baba hakuwahi kwenda hata mara moja, kwa hiyo alipoingia ameshika mkono wangu, ukumbi mzima wa wazee uligeuka. Garland alikuwa mrefu, mweupe kichwani, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Selmer Lokken! Nilidhani umekufa zamani, umeuawa na wale samaki wa huko kwenu kaskazini wanaonuka!"

"Samaki hawaui, Luteni. Wanakufanya utamani kufa tu."

Wakacheka wote. Garland akamkumbatia, akawageukia wenzake. "Mabwana, simameni! Huyu ndiye aliyenijazia. Bila huyu mimi ningekuwa muuza matrekta tu."

"Wewe ni muuza matrekta, Garland," mmoja akadakia.

"Muuza matrekta bingwa, mshamba wewe!"

Nilimpenda, nakiri. Nilitaka awe mtu mbaya na hakuwa.

Baba alimwambia kesho yake wakati wa chai ya asubuhi, tukiwa watatu mezani. Alimwambia yote bila kupunguza: tepu, kidole gumba, oili, kilima cha kujaribia, swichi. Garland alisikiliza huku anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Baba alipomaliza, Garland akaweka kijiko chini.

"Zilitikisika, Selmer," akasema. "Nilibonyeza, zikatikisika mikononi mwangu. Harufu ya baruti ilijaa mle ndani. Naisikia mpaka leo."

"Hazikupigwa, Luteni."

"Nimewasimulia wajukuu zangu harufu ile."

"Najua."

"Unataka kuniambia mwili wangu unadanganya?"

Garland akaweka kikombe, akakikosa kisahani, kahawa ikamwagika kwenye kitambaa cheupe. Akaitazama. Kisha akamgusa Baba begani, kwa upole, kama unavyomgusa mgonjwa.

"Umechoka, ndugu yangu. Umri, na msiba wa mkeo. Pumzika." Akanigeukia mimi. "Binti, mtunze baba yako."

Akaondoka, na kwa siku mbili zilizobaki hakuja kwenye meza yetu. Krismasi ile paja halikuja, wala iliyofuata. Ndivyo nilivyojua kwamba alisikia.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Iowa. Ni mwendo wa siku nzima kwa gari, na Baba hakusema ila mara moja, tulipopita mahindi yaliyofika magotini. "Mahindi mazuri," akasema. Nikamwambia, "Baba, usije ukaanza mambo ya mahindi kule." Nilimwambia kwa ukali. Nilikuwa nimekwisha kuzisoma nakala za barua zake tatu, alizoziweka kwenye kopo lile lile, na moyo wangu ulikuwa bado haujapoa.

Verna Rusk alikuwa mdogo, mkavu, amevaa gauni la maua na viatu vya kutokea. Alikuwa ameandaa kuku baridi, saladi ya viazi na keki. Hatukumwambia kwa simu tumekuja kusema nini, ila kwamba Selmer Lokken anakuja kuhusu Emmett. Akamkalisha Baba, akakaa mbele yake, mikono juu ya meza.

"Ulinijibu mara tatu, Bwana Lokken," akasema kabla hatujaonja kitu. "Nilikuuliza kwa nini mdogo wangu alikwenda peke yake. Mwaka arobaini na sita ukaniandikia kwamba mvua zimechelewa. Mwaka hamsini na mbili ukaniandikia habari za theluji. Ya tatu ilikuwa upepo."

"Ndiyo, Bi Verna."

"Nimekuwa mwalimu miaka arobaini. Mtoto akikujibu lisiloulizwa, jibu analo."

"Ninalo," Baba akasema.

Akamwambia. Nilitazama mikono ya Verna muda wote kwa sababu sikuweza kuutazama uso wake. Baba alipofika pale Emmett alipomuuliza kama Garland alipiga, sauti ilimkatika. Akaanza upya, ikamkatika tena. Verna hakumsaidia. Nami sikumsaidia. Mwishowe akalisema: "Nikamwambia, tepu zimechanika." Halafu akamaliza yaliyobaki harakaharaka, karata, bendera, siku mbili, bahari, na akaanza kulia kwa sauti, mzee wa miaka sitini na sita, machozi yanaingia kwenye saladi ya viazi.

"Nisamehe, Bi Verna," akasema. "Nimekuja kukuomba."

Verna aliinuka, akamletea leso, akarudi kukaa.

"Kama ungesema asubuhi ile, Emmett angekwenda baharini?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Hakuwa mtu wa pupa. Angekuwa na tano zake. Angerudi na wenzake."

"Basi sikusamehe," Verna akasema. Hakupaza sauti. "Na usiniombe tena, maana utanichosha. Hilo la tepu ni lako. Umekaa nalo miaka arobaini na mitatu, kaa nalo hiyo iliyobaki. Mimi ni mzee, sina mahali pa kuliweka."

Nilishika mkoba wangu. Nilidhani tunafukuzwa, na niliona ni haki. Lakini Verna aliivuta sahani ya Baba, akaiwekea paja la kuku.

"Kula, umetoka mbali. Halafu niambie asubuhi aliyoondoka. Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyesimama naye. Alikula nini?"

Baba alimtazama, au alijaribu. "Alikula..."

"Emmett. Asubuhi ile. Usiniambie hukumbuki."

"Nakumbuka," Baba akasema. "Chapati mbili za kikaango, zimepoa. Alizikunja na jamu katikati, akala amesimama chini ya bawa. Halafu akafutia mikono kwenye shati langu."

Verna akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au ni kitu gani. "Wapi?"

"Hapa, mgongoni. Nilikuwa nimeinama."

"Kwangu alikuwa akifutia kwenye aproni. Nilimchapa sana kwa ajili hiyo." Akajifuta mdomo kwa vidole. "Alikuwa amenyoa?"

"Upande mmoja vizuri, upande mwingine hivi hivi."

"Alikuwa mnene, mwembamba?"

"Mwembamba. Sote tulikuwa wembamba."

Aliuliza viatu. Aliuliza kama alikuwa akikohoa, maana kifua chake kilikuwa dhaifu tangu utotoni. Aliuliza kama alikuwa akipiga mluzi. Baba alijibu yote, na nikatambua kwamba hakuna dakika ya asubuhi ile aliyoipoteza. Alikuwa ameitunza nzima, kila siku, miaka yote niliyodhani anatazama ndege ya Kenny Olstad.

"Alikuwa na hofu?" Verna akauliza. "Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Kwamba alikuwa na hofu na mimi sikuwepo."

"Hapana. Alikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

Baba akaisogeza sahani yake kwa kidole.

"Haraka ya nini, Bwana Lokken?"

"Ya ndege ya tano."

Verna akafumba macho. "Ambayo alikuwa nayo tayari."

"Ndiyo, Bi Verna," Baba akasema. "Alikuwa nayo tayari."

Kuku hakuguswa na mtu. Nje jirani alikuwa akikata majani kwa mashine, akazima, akawasha tena. Nilitamani Verna apige kelele, avunje sahani, chochote. Alikaa tu na macho yake yamefumbwa mpaka nikadhani amelala, na Baba naye hakuthubutu kusogea kwenye kiti.

"Anza tena," Verna akasema. "Tangu alipoamka. Na safari hii usilie, maneno hayasikiki."

Baba akajifuta uso, akaanza tena.